Luku kwanza, undugu baadaye

Kila kundi jipya linalonunua kiwanja cha pamoja hapa Kigoma, iwe Gungu au Ujiji, huanza vilevile: ramani, soda, na mtu wa kusema "sisi ni ndugu, hatutashindwana." Wadogo zetu, ndugu ndio wanaoshindwana. Kubalianeni haya kabla fundi hajachimba msingi.

1. Kila kaya na jiko lake. Hata Sættedammen kule Denmark, makazi ya mwanzo ya namna hii, kaya 27 za mwaka 1972 zilikuwa kila moja na nyumba kamili. Jumba la pamoja lilikuwa nyongeza.

2. Hati isiandikwe jina la aliyetanguliza pesa.

3. Luku. Hapa ndipo tunapowaona mkiungua, kundi baada ya kundi. Mnafunga mita moja kwa kaya sita ili kukwepa gharama ya kuunganishiwa. Mwezi wa kwanza mnachanga sawasawa, mnachekelea. Wa pili uniti zinakata tarehe 19, na mwenye friji anaanza kutazamwa. Jamani, pigeni hesabu! Pasi ya wati 1,000 inakula uniti moja kwa saa; balbu ya wati 9 inahitaji saa 111. Mwenye balbu mbili akichanga sawa na mwenye jiko la umeme, kisha akanyamaza, msimwite mvumilivu. Anaweka moyoni. Siku ya kulipuka atagombana na watoto waliochezea ndala zake, nanyi mtakaa kikao kusuluhisha ndala. Isitoshe, bei nafuu ya TANESCO ni ya nyumba isiyozidi wastani wa uniti 75 kwa mwezi. Kaya sita kwenye mita moja mtaivuka, na wa balbu mbili atalipia bei ya juu. Kila kaya iombe luku yake. Ikishindikana, fungeni mita ndogo kila mlango, zisomwe tarehe moja mbele ya watu wawili, daftarini. Taa za uani na pampu ndizo za kugawana sawa.

4. Kikao kila mwezi, nusu saa. Lalamiko litaje kitu, lisitaje mtu.

5. Dagaa. Kichanja kikae mbali na kamba za nguo. Mchana upepo hutoka ziwani, usiku hugeuka ukatoka nchi kavu, kwa hiyo hakuna kona itakayomnusuru kila mtu, na harufu haina mita. Uvumilivu mliotaka kuumalizia kwenye luku, uwekeni hapa.