Dawa ya tezi na chai ya maziwa havikai pamoja

Dada mmoja anayetumia levothairoksini, kidonge kinachofidia homoni ya tezi ya shingoni, ameniandikia wiki hii: "Dozi yangu imepandishwa tena. Nakunywa kila siku bila kukosa, mbona bado nachoka, nywele zinakatika na uzito unaongezeka?" Nilipousoma ujumbe wake donge lilinikaba, kwa sababu maneno hayohayo niliwahi kuyasema mbele ya daktari baada ya kufanyiwa upasuaji wa goita na kutolewa tezi yote.

TSH yangu, kipimo cha damu ambacho hupanda mwili ukikosa homoni ya tezi, ilikuwa 14, wakati kwa watu wazima wengi inatakiwa iwe kati ya 0.4 na 4 hivi. Dozi ikapandishwa kutoka maikrogramu 100 hadi 125, kisha 150. Wapi! Daktari akafunga faili, akasema mbele ya wanafunzi wake, "Mama, wewe dawa hunywi." Neno lile linaniuma mpaka leo. Dawa nilikuwa nakunywa. Hakuna aliyeniuliza nakunywa na nini.

Aliyeuliza ni binti wa duka la dawa. Nikamweleza: alfajiri, kwa chai ya maziwa, halafu bakuli la uji wa lishe na kidonge cha kuongeza damu. "Uji una nini, mama?" Mahindi, ulezi, karanga, soya. Akachukua kalamu akaandika juu ya boksi kwa herufi kubwa: MAJI TU. SUBIRI SAA NZIMA.

Nilipofuata maandishi yale, TSH ikashuka mpaka 2.1. Nakiri najivunia karatasi ile ya majibu.

Jamani, kidonge hiki ni kidogo lakini kina masharti. Hata tumbo likiwa tupu, mwili hunyonya kati ya asilimia 40 na 80 tu ya dawa. Kalsiamu iliyomo kwenye maziwa na madini ya chuma yaliyomo kwenye vidonge vya kuongeza damu vikikutana nayo tumboni huishika, ikapita bila kuingia kwenye damu. Soya na vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi navyo huipunguza. Kahawa pia, hata ya rangi isiyo na tone la maziwa. Kwa hiyo ukiamka, meza kwa maji matupu, kisha kaa nusu saa hadi saa nzima ndipo unywe chai. Vidonge vya kuongeza damu, vya kalsiamu na dawa za kiungulia viachanishe nayo kwa masaa manne.

Wajawazito nawasihi zaidi. Kliniki mtapewa vidonge vya kuongeza damu, na ni muhimu mvitumie, lakini mwambieni nesi kwamba mnatumia dawa ya tezi. Kuachanisha muda ni lazima, na mimba yenyewe mara nyingi huongeza mahitaji ya dozi.

Anayefunga Ramadhani anaweza kumeza wakati wa kulala, ikiwa yamepita masaa matatu au zaidi tangu alipokula. Zungumza na daktari kabla mwezi haujaandama.

Kuhusu kabichi na mihogo, mmenitisha sana huko nyuma mkisema mgonjwa wa tezi asivile. Vyakula hivyo huweza kuisumbua tezi, hasa pale ambapo mwili una upungufu wa madini joto. Mimi tezi sina. Kabichi nakula, imepikwa vizuri, na sitaki tena kusikia mgonjwa ananyimwa mboga huku akimezeshwa dawa kwa chai ya maziwa.

Dada yangu, usijiongezee dozi wala kujipunguzia. Ukishabadili unavyomeza, mjulishe daktari mapema, kwa sababu dozi iliyokuwa ikipotea tumboni sasa itaingia kwa wingi zaidi. Yangu ilibidi irudishwe 125, baada ya moyo kuanza kwenda mbio na usingizi kunipaa. Rudi upime TSH wiki 6 hadi 8 baada ya mabadiliko. Ukipima kabla ya hapo, majibu hayajatulia bado.