Kwa wadogo zangu wa kamati ya usajili: mtazameni akishapoteza mpira

Wiki iliyopita nilikaa jukwaani Sheikh Amri Abeid, Arusha, nikiwatazama wadogo zangu wawili wakimfuatilia winga mmoja kwa simu zao. Kila alipopiga chenga walirekodi, na kila alipopoteza mpira walishusha simu. Nawaandikia kwa sababu kipande walichoacha kurekodi ndicho kilichonigharimu msimu mzima.

1. Kipaji kinatangulia. Mchezaji mwema asiyejua kupokea mpira hatawasaidia, hata akiwa wa kwanza kufika mazoezini kila siku. Tabia mnaipima kwa wale ambao tayari wanaujua mpira.

2. Nidhamu si shikamoo. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa meneja wa timu moja ya Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu, huko Moshi, nilimleta winga wa kushoto niliyemwona kwenye ndondo, mashindano ya mtaani, na kwa hakika alikuwa fundi. Siku ya majaribio aliniamkia kwa adabu zote na kuniita baba. Kocha alipomtoa kipindi cha pili, alivua kizibao, akakirusha miguuni mwa mzee wetu wa vifaa na kupita bila kumtazama. Nahodha wetu, aliyekuwa beki wa kushoto, alikiokota, akakikung'uta vumbi, akakikunja na kumkabidhi mzee kwa mikono miwili. Niliyaona yote hayo nikiwa hatua chache tu kutoka pale, na jioni ile ile nikamsainisha winga.

Kosa halikuishia hapo. Nilimlipa pesa yake yote ya usajili kwa mkupuo wakati wenzake wakidai posho za mechi tatu, na nikamruhusu kulala nje ya kambi. Habari za pesa hazifichiki kambini. Kabla ya wiki kwisha kila mchezaji alikuwa anajua. Winga alipoacha kurudi kukaba, nahodha, ambaye sasa alikabiliana na watu wawili katika kila shambulizi, alinifuata na kuniambia, "Meneja, mimi sikatai kumkabia, ila naye anikabie." Nikamjibu kwamba yule analipwa kushambulia. Dirisha dogo la usajili lilipofunguliwa nahodha aliomba kuondoka, nami nikamwachia, nikiamini kwamba beki hakosekani. Tulifungwa mechi nne mfululizo, mabao mengi yakipitia upande ule ule, na winga, ambaye hakuna tena aliyependa kumpa pasi, alimaliza msimu akikaa peke yake kwenye basi. Alikuwa na miaka 20. Pointi zilizopotea zimeshanitoka moyoni, lakini kijana yule bado ananiuma, kwa sababu mimi mkubwa wake ndiye niliyemwondolea sheria ambazo wenzake wote walizifuata.

3. Anayedai haki yake msimwite mkorofi. Kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi miwili kuvunja mkataba, baada ya kuipa klabu notisi ya maandishi ya angalau siku 15. Mkisikia kwamba mtu fulani hana nidhamu, ulizeni kwanza alikuwa anadai miezi mingapi.

4. Wenye pesa nao hupita njia hii. Mwaka 2014 Liverpool walimnunua mshambuliaji Mario Balotelli kwa takriban pauni milioni 16, akafunga bao 1 la ligi msimu ule. Mwaka uliofuata wakamchukua James Milner bure baada ya mkataba wake na Manchester City kwisha, naye, kiungo anayetumia mguu wa kulia, akacheza beki wa kushoto karibu msimu wote wa 2016/17 kwa sababu timu ilikuwa na pengo pale. Mwulizeni mchezaji wenu kama yuko tayari kwa hilo, kisha mjaribuni kwa dakika 20 katika nafasi asiyoipenda.

5. Mpigieni mtunza vifaa wa timu anayotoka kabla ya kumpigia wakala.

6. Pesa ya usajili itolewe kwa awamu, na awamu hizo ziandikwe kwenye mkataba.

Na sasa huyo winga wenu. Zikiwa zimebaki dakika chache alipokonywa mpira, akamfokea beki wake kwa sauti iliyofika jukwaani, nanyi mkatazamana na kutikisa vichwa. Mlikuwa mmeshashusha simu, kwa hiyo hamkuona kwamba baada ya kufoka alikimbia karibu nusu ya uwanja, akaziba nafasi ya beki yule yule na kuutoa mpira nje. Rudini mkamtazame tena Jumamosi, na safari hii mkae upande wa benchi.