Tiketi za Disney Orlando na watoto watatu

Dada, kwa watoto wa miaka 2, 8 na 10 hiyo tiketi ya Park Hopper uliyouliza achana nayo kabisa, ile ni ya kuingia paki zao za michezo zaidi ya moja siku hiyohiyo na huyo mdogo saa nane mchana atakuwa ashalala mgongoni, halafu paki moja tu, Magic Kingdom, peke yake inamaliza siku. Wa miaka 2 hakatiwi tiketi, chini ya 3 ni bure. Wa 8 bei ya mtoto, ila wa 10 jamani analipa ya mkubwa, kwao mtoto mwisho miaka 9.

Nunueni mkiwa bado hapa Moshi, kwenye tovuti yao wenyewe, fungua kalenda maana kila tarehe ina bei yake na wiki ya Krismasi inapaa kama nauli ya Dar-Moshi, mwanzoni mwa Desemba shule zikifungwa tu ndo afadhali.

Na huyo anayemuuzia shemeji tiketi yenye siku zilizobaki, msimpe hela plz, tiketi haihamishwi kwa mtu mwingine, getini wanaskani kidole.