Usikizoee Kiti, Kikuzoee Wewe

Juzi msomaji mmoja ameniandikia: "Dada, nimepata kitimwendo cha umeme, kipya kabisa, lakini nikila lazima nikae upandeupande. Nimeuliza, nikaambiwa nitazoea." Moyo uliniuma. Neno hilo "utazoea" nimelimeza miaka minne.

Miaka minne sahani yangu ilikaa mapajani. Kijiti cha kuendeshea kilisimama kwenye ncha ya mkono wa kiti. Nikisogelea meza, kinagota ukingo kabla magoti hayajaingia. Na kama sijazima, kikiguswa tu, kiti kinaruka mbele. Siku moja niliisukuma meza nzima, chai ikawamwagikia wageni. Aliyenikabidhi kiti alisema ndivyo kilivyotengenezwa. Nikanyamaza. Sitanyamaza tena.

Mwishowe nilichukua futi ya cherehani nikapima: magoti yangu nikiwa nimekaa, nafasi ya chini ya meza, upana wa mlango wa choo. Fundi wa vyuma akaniwekea bawaba. Sasa nakisukuma kijiti kwa kiwiko, kinakunjika kando na kurudi nyuma, magoti yanapita. Jioni ile nilikula viwiko vikiwa mezani. Nilijivunia, na hadi leo najivunia.

Kiburi hicho ndicho kilichoniponza. Nilitaka kuchaji simu kitini. Betri ni mbili, kila moja volti 12, zimeungwa kwa mfuatano zitoe 24. Mimi nikavuta waya kutoka betri moja tu, maana chaja niliyokuwa nayo ilikuwa ya gari, ya volti 12. Miezi michache mambo shwari. Kumbe betri ile inachoka kuliko mwenzake, na chaja ya kiti inazijaza zote mbili kana kwamba ni moja: iliyochoka haijai, nzima inazidishiwa. Kiti kikanizimikia katikati ya barabara, magari yakinipigia honi, nami nimekaa tu na kijiti mkononi.

Siku hizi ninacho kifaa kinachoshusha volti 24 hadi 5. Kinachukua umeme kwenye betri zote mbili, na fyuzi iko karibu kabisa na betri. Ndugu zangu, fyuzi msiiruke! Waya ukigusana chini ya makalio yako, utakimbilia wapi?

Basi jipimeni. Piga picha kabla hujalegeza bolti hata moja. Mkoba mzito usiutundike mgongoni mwa kiti, kwenye mlima utakivuta chali. Wangu nimeuhamishia chini ya kikalio. Kasi ya kukata kona hupunguzwa kwenye programu ya kiti, kazi hiyo mpe fundi mwenye kifaa chake, na breki usiziguse. Lakini kwanza jipimeni, wala msisubiri ruhusa ya mtu asiyekikalia hicho kiti.

Yule msomaji nilimjibu hivyohivyo. Jana ametuma vipimo: magoti sentimita 64, chini ya meza 70. Nafasi ipo. Kinachomzuia ni kijiti tu.