Kardani yangu ilikatikia Ngomo

Juzi kijana mmoja wa Uvira ameniandikia: "Papa, kardani ya Fuso yangu imekatika karibu na difu. Fundi anasema ataiunga kwa kulehemu, kesho niko barabarani. Nimruhusu?" Kardani ni lile bomba refu la chuma linalopeleka nguvu kutoka giaboksi mpaka difu, kwenye ekseli ya nyuma. Nilimjibu hapana, kisha nikaona aibu, kwa sababu mimi pia niliambiwa hapana na nikaunga.

Lori langu ni kuukuu, nililinunua likiwa limeshachoka. Kwa muda wa wiki mbili kruwazio ya nyuma, kile kiungo cha kardani kinachojikunja, ambacho Watanzania hukiita krosi, ilikuwa inalia kama kifaranga kila nikiondoka taratibu. Nikiachia kilachi, nasikia "ko!" chini ya sakafu. Utingo wangu aliingia chini akatoka na unga mwekundu kidoleni, unga wa kutu. "Papa, grisi imeisha humu." Nikamwambia safari ijayo. Nilikuwa na mchele wa mama mmoja wa soko la Kadutu, Bukavu, unaningoja Luvungi, na mteja yule niliutafuta uaminifu wake mwaka mzima.

Anayeijua Ngomo, ule mlima wa barabara ya Uvira kwenda Bukavu, sihitaji kumweleza. Kutoka Kamanyola unaacha joto la bonde la Ruzizi, kona juu ya kona, mlima upande huu na shimo upande ule. Wengine hukwepa kwa kupitia Rwanda. Mimi nilijiona dereva.

Kwenye kona ya tatu au ya nne nikasikia mlio kama bunduki. Injini ikapiga kelele bure, lori likasimama, halafu likaanza kurudi nyuma. Nikavuta breki ya mkono. Hakuna kitu. Hapo ndipo nilipokumbuka kitu ambacho kila mwenye Canter au Fuso ya zamani angepaswa kukijua kabla ya kushika usukani: breki ya mkono ya magari mengi ya namna hiyo haishiki magurudumu. Ngoma yake iko nyuma ya giaboksi, inaishika kardani. Kardani ikikatika, unashika chuma kisichounganishwa na chochote. Hata gia haisaidii. Ilibaki breki ya mguu, na mguu wangu ulikuwa unatetemeka. Utingo aliruka akatupa mawe nyuma ya matairi, moja likasukumwa, la pili likashika. Yule mtoto namheshimu mpaka leo.

Usiku ule tulilala pale pale. Mama alikuja asubuhi na gari lingine, akahamisha magunia yake yote bila kunisalimia. Baadaye nikasikia anasema sokoni kwamba lori langu ni jeneza. Liliniuma, na bado linaniuma, kwa sababu sikuwa na la kumjibu.

Sasa sikiliza nilivyoongeza ujinga juu ya ujinga. Bomba lilikuwa limepinda na ncha moja imepasuka. Fundi wa kulehemu akakata, akaunga, akapaka rangi nyeusi. "Papa, iko muzuri, uende tu." Bei ilikuwa nzuri, nikaenda. Nikifika mwendo wa kilomita hamsini, kiti kinatetemeka, kioo kinatetemeka, meno yangu yanatetemeka. Siku tisa tu, beringi ya katikati inayoishika kardani ikawa imekufa na mpira wake umechanika, giaboksi inadondosha mafuta.

Mzee mmoja fundi aliinama chini ya lori, akafumba jicho moja, akacheka. Uma wa mbele na uma wa nyuma wa bomba lile, zile ncha zenye pembe mbili zinazoshika kruwazio, hazikutazamana. Kruwazio ikiwa imekaa kwa pembe haizunguki sawasawa. Kila mzunguko inaharakisha na kupunguza mara mbili. Ile ya pili ndiyo inayosawazisha kosa la ile ya kwanza, lakini mpaka uma zote mbili zilale kwenye mstari mmoja. Aliyeunga alilitazama bomba tu. Na bomba lililoungwa bila kusawazishwa uzito kwenye mashine ni mshale unaojitafutia pa kwenda.

Kwa hiyo, kijana wangu, usiunge. Tafuta kardani nzima ya lori la aina ile ile lililofunguliwa vipuri. Pima urefu, hesabu matundu ya flenji, sukuma meno ya sehemu inayoteleza uone kama yanacheza. Kabla hujafungua bolti hata moja, weka magogo kwenye matairi, umeshajua kwa nini. Piga alama kwa patasi kila mahali panapoachana, hasa kwenye meno, irudi ilivyokuwa. Bolti ziwe mpya na ngumu. Za kuokota zinakatwa kama mihogo.

Kruwazio mpya inaingizwa kwa jiliwa, si kwa nyundo. Vile visindano vya beringi ndani ya kila kikombe cha kruwazio vishikwe na grisi: kimoja kikianguka chini, kikombe hakikai na pete yake haiingii, nawe utadhani umeuziwa kipuri kibaya. Halafu pampu grisi mpaka itoke pande zote nne. Zote nne, si ile unayoiona.

Na mnaoongeza majani ya springi ili mpakie zaidi! Mnainua lori, pembe ya kardani inabadilika, kruwazio inalia, halafu mnasema vipuri vya siku hizi havina maana. Mnataka mpakie tani za tamaa kwa grisi ya wiki iliyopita? Tuheshimu vyombo vinavyotulisha. Nasema kwa ukali kwa sababu nililipa mara mbili, ukihesabu na yule mama, mara tatu.

Siku hizi mama yule anapakia kwa lori la mtu mwingine. Hupishana nalo Nyangezi, na nikishusha kioo nasikia kile kifaranga. Dereva wake nimemwambia mara mbili. Anasema safari ijayo.