Ua la nakshi kwa lahajedwali: namba mbili na chati moja

Fundi wa nakshi hapa Lamu akitaka ua la petali sita kwenye mfaa wa mlango hasumbuki na hesabu. Hupiga duara kwa bikari, kisha huitembeza bikari hiyo hiyo ukingoni bila kuibana wala kuipanua, na ua limetoka. Petali nane nazo ni kugawa duara nusu kwa nusu mara tatu. Shida huanza akiagizwa petali saba, au kumi, au ua lenye wavu wa mistari inayopishana ndani ya kila petali. Hapo lahajedwali, programu ile ile ya hesabu za duka, itakupa kwa nusu saa mchoro ambao kwa rula ungekula wiki.

Excel inafaa. LibreOffice Calc, ambayo ni ya bure, inafaa vile vile. Google Sheets tunaiweka kando kwa kazi hii: chati yake ya nukta ni nzuri kwa nukta, lakini hapa tunataka nukta zinazounganishwa kwa mistari. Na simu iache. Fomula itakubali, ila kunyoosha mihimili ya chati, ile mistari ya vipimo ya X na Y, kwa kidole ni adhabu. Bora uende saiba.

Kwanza tenga namba zitakazobadilika. Andika 6 kwenye seli H1 na 71 kwenye H2, na kando yake, G1 na G2, weka herufi n (ya petali) na d (ya hatua, kwa digrii) ili usije ukasahau ipi ni ipi. Usiziandike namba hizi ndani ya fomula hata kama unaona ni njia ya mkato. Uzuri wote wa kazi hii ni kubadilisha seli moja na kuona ua likigeuka mbele yako.

Kisha, kuanzia safu mlalo ya 2:

A2: 0
A3: =A2+1
B2: =RADIANS(A2*$H$2)
C2: =SIN($H$1*B2)
D2: =C2*COS(B2)
E2: =C2*SIN(B2)

Kokota A3 hadi A362, ambapo utaona 360. Halafu chagua B2 hadi E2 na uzishushe zote mpaka safu hiyo hiyo ya 362. Hakikisha kabla ya kuendelea: C3 isome 0.9135, D3 isome 0.2974 na E3 isome 0.8638. Zikitofautiana, tatizo ni moja kati ya mawili. Huenda umesahau alama ya dola, basi B3 inasoma H3 ambayo ni tupu, seli tupu inahesabiwa sifuri, na ua lote linaanguka kwenye nukta moja. Au umeiruka RADIANS. Kosa hili la pili ni baya zaidi kwa sababu picha hutoka. Programu inaichukua 71 kana kwamba ni radiani, kipimo kingine cha pembe, badala ya digrii, inachora fundo la mistari lisilofunga, na asiyejua hudhani ndivyo lilivyo.

Sasa chati. Chagua D2 hadi E362 na uweke chati ya XY, ile ya nukta zilizotawanyika, katika umbo lake lenye mistari iliyonyooka bila alama za nukta. Chati ya mstari ya kawaida haifai hata kidogo: hiyo huzichukua namba za D na E kama mafungu mawili ya data na kukuchorea mawimbi mawili. Wala usichague mistari laini. Programu ikilainisha, kila kona inavimba nje kidogo, na ua letu ni kona tupu. Kwenye LibreOffice kuna mtego mwingine: kisanduku cha kupanga data kwa thamani za X. Kikiwa na alama, nukta zinapangwa upya kutoka kushoto kwenda kulia na mchoro unageuka vurugu ya mistari ya wima. Kiondolee alama.

Funga mihimili yote miwili: chini −1.1, juu 1.1. Chati yenyewe iwe sentimita 15 kwa 15. Ukiiacha programu ijipimie, duara litakuwa yai. Mihimili ikishafungwa ndipo ufute kichwa, vielezo, gridi na namba za pembeni, kisha uangalie tena kama eneo la kuchorea bado ni mraba, maana kufuta vitu hulisogeza. Unene wa mstari uteremshe hadi pointi 0.25 au 0.5. Kwa unene unaokuja na programu, mistari 360 inayopita karibu na kitovu hujaza katikati doa jeusi.

Ulichochora ni waridi la Maurer, limepewa jina la Peter Maurer aliyelieleza mwaka 1987. Waridi lenyewe, ule mzingo wa petali, ni la zamani zaidi; Guido Grandi wa Italia alilichunguza karne ya 18. Alichoongeza Maurer ni kutolifuata waridi polepole, bali kurukia nukta zake kwa hatua kubwa zinazolingana, digrii 71 kila mara, na kuziunganisha kwa mistari. Ukitaka kuyaona yote mawili pamoja, rudia safu wima nne za fomula pembeni, lakini kwenye ya kwanza weka =RADIANS(A2) bila d, na uuongeze mzingo huo kwenye chati hiyo hiyo kama data ya pili, kwa pointi 1.5. Ghafla petali zinapata ukingo, na jicho linajua litue wapi.

Namba n ndiyo inayoamua petali, na hapa watu wengi hupotea. Ikiwa n ni witiri, petali ni n: 3 inatoa tatu, 7 inatoa saba. Ikiwa n ni shufwa, petali ni mara mbili yake: 4 inatoa nane, 6 inatoa kumi na mbili. Sababu ni kwamba n ikiwa witiri, nusu ya pili ya mzunguko hupita juu ya petali zile zile za nusu ya kwanza. Kwa hiyo ua la petali sita, lile rahisi kuliko yote kwa bikari, halipatikani kwa n yoyote kamili! Wala la kumi, wala la kumi na nne. Dawa yake ni kubadilisha C2 iwe =ABS(SIN($H$1*B2)). Alama ya kutoa ikiondoka, petali hazipandani tena, na n ya 3 inakupa sita, 5 inakupa kumi. Tumia ABS kwa n za witiri tu.

Namba d ndiyo inayoamua wavu. Andika =GCD(H2,360) kwenye H3 upate kigawo kikubwa cha shirika cha d na 360, kisha ugawe 360 kwa jibu hilo; hiyo ndiyo idadi ya mistari kabla mchoro haujafunga, kwa n za shufwa na kwa witiri zenye ABS. Kwa witiri bila ABS, weka 180 badala ya 360 mahali pote pawili. Namba 71 ni tasa na haigawi 360, kwa hiyo mistari ni 360 kamili. Jaribu n ya 2 na d ya 39: kigawo ni 3, mistari 120, na ua linapumua. Jaribu 7 na 19, au 5 na 97. Sisi tunapenda zaidi 6 na 71, ingawa kwa kazi ya mbao haifai kamwe, na tutaeleza.

Usiweke d ambayo ni kizidisho cha 30 wakati n ni 6. Kila hatua inaangukia mahali petali zinapokutana, urefu ni sifuri kila mara, na chati inabaki tupu. Ikiwa hukufunga mihimili utaona kioja: mchoro upo, umejaa mistari, lakini namba za pembeni zimeishia na E-14, yaani ni ndogo mno. Hayo ni makombo ya ukadiriaji, kwa kuwa kompyuta haiwezi kuihifadhi pai yote, nayo programu imeyakuza mpaka yakajaza chati.

Rangi: chati haitabadilisha rangi katikati ya mstari kwa urahisi, basi gawa data vipande vitatu, safu mlalo 2 hadi 122, 122 hadi 242, na 242 hadi 362. Angalia kwamba kila kipande kinaanza pale pale kilipoishia kilichotangulia. Ukianza safu moja mbele, mstari mmoja utakosekana, na kwenye ua lenye ulinganifu pengo moja linaonekana toka mbali.

Kwa miimo ya mlango utataka maua yaliyopangana wima. Nakili data ya D na E kama thamani tupu, ziweke chini ya zile za kwanza, na kila ua ongeza 2.2 kwenye Y. Kati ya ua na ua acha safu moja ambayo ni tupu kweli, isiyo na fomula, ili mstari ukatike. Fomula inayorudisha "" si seli tupu, ni maandishi. Ikiingia upande wa X, Excel inaweza kuzitupa X zote na kuhesabu 1, 2, 3 badala yake. NA() nayo, kwenye Excel za zamani, huruka pengo na kuunganisha pande zote mbili. Kumbuka pia kurefusha mhimili wa Y na chati kwa uwiano ule ule, la sivyo tunarudi kwenye mayai.

Sasa mbao. Patasi haiwezi mistari 360 ndani ya sentimita 18, na mshonaji kofia pia atakurudishia karatasi yako. Wapelekee n ya 4 na d ya 63. Kigawo ni 9, mistari ni 40, petali nane zinalingana kabisa, na kila petali ina kona nne zinazoonekana. Ukitaka pawe wazi zaidi, futa mistari inayopita kitovuni kwa mkono baada ya kuchapa na uache duara dogo la bikari katikati. Kwa mapambo ya kuchapwa tu, kadi ya harusi au jalada la kitabu, rudi kwenye 71 ujaze wavu upendavyo.

Toa faili ya PDF, au hamisha chati kama picha ya SVG ili ikikuzwa mistari isipasuke. Kwenye duka la kuchapa waambie wazime kulinganisha na ukurasa (fit to page). Mashine nyingi hupunguza kidogo ili kuacha ukingo, na ua la sentimita 18 linatoka 17 na ushee. Ukiwa na matano kwenye mwimo mmoja, tofauti hiyo inafika sentimita kadhaa. Chora kwenye ukurasa huo huo mstari wa sentimita 10 na uupime kwa rula kabla ya kulipia nakala nyingine. Ua kubwa kuliko A4 ligawe kurasa zinazopishana sentimita moja, na weka alama ya msalaba kwenye pembe nne za kila ukurasa, maana bila alama hizo mistari haitakutana wakati wa kugundisha kwenye ubao.