Picha kali kwenye kamera, mbovu kwenye TV: kutengeneza DVD ya picha za harusi

Mteja anakuja na picha 400 za harusi zilizopigwa kwa kamera ya megapikseli 24. Anataka DVD ya kutazama sebuleni na nyingine ya kumpelekea bibi kijijini, mwenye deki na TV ya chogo. Fundi mgeni anazimwaga picha zote kwenye programu, anapachika wimbo, anachoma diski. Ikiwekwa kwenye deki, shela inametameta, nyuso zimezama gizani, maandishi ya chini yamekatika, na kila picha inapobadilika kioo kinajaa vijiboksi. Kamera haina kosa hapo. Kilichosahaulika ni udogo wa fremu ya DVD.

Kwa mfumo wa TV wa PAL, unaotumika Kenya, Tanzania na Uganda, fremu hiyo ina pikseli 720 kwa 576. Zidisha utapata 414,720. Kwa hiyo katika kila nukta 58 za picha ya megapikseli 24, inabaki moja tu. Usipoamua wewe kipi kibaki, programu itaamua, na yenyewe haijui bibi harusi ni yupi.

Anza kwa kupunguza picha. Kila picha inahitaji sekunde 5 za kutulia na sekunde 1 ya kupishana na inayofuata, jumla 6. Picha 400 ni dakika 40, na hakuna mgeni atakayekaa dakika 40 akitazama picha zisizosema. Picha 120 zinaingia dakika 12, sawa na nyimbo tatu. Hesabu hii ifanye kwa wimbo mmoja mmoja: wimbo wa dakika 4 na sekunde 12 ni sekunde 252, gawanya kwa 6, unapata picha 42. Ukiweka 50 utalazimika kuzikimbiza, na mzee mwenye macho hafifu hatamtambua hata mjukuu wake. Picha ya kundi la watu 30 iongezee muda, ifike hata sekunde 9, maana watazamaji wanasoma sura moja moja. Ya pete au ya keki inatosheka na 4.

Picha ulizochagua zipe majina ya namba zenye tarakimu sawa: 001, 002, 003. Ukiandika 1, 2, 3, programu nyingi zitaweka 10 kabla ya 2, na maharusi watakata keki kabla ya kufunga ndoa. Kama wapiga picha walikuwa wawili, tafuta tukio moja walilolipiga wote, pima saa za kamera zao zilivyopishana, ndipo uzipange. Picha za wima zigeuze kabisa na uzihifadhi upya, kwa sababu baadhi ya programu hazisomi alama ya mwelekeo iliyoachwa na simu. Picha zilizopitia WhatsApp zimeshabanwa, kwa hiyo mwombe mwenyewe akutumie kama dokumenti au alete flashi.

Sasa kukata. Tengeneza kila picha iwe 1920 kwa 1080, na rangi iwe sRGB, yaani mpangilio wa kawaida wa rangi za kompyuta. Ukubwa huo unazidi mahitaji ya DVD, lakini unakupa nafasi ya kuivuta picha taratibu bila kuingia ukungu, na faili hizohizo zitatumika mteja akitaka toleo la flashi. Picha ya 6000 kwa 4000 ikikatwa kwa umbo hilo inabaki 6000 kwa 3375: mistari 625 inaondoka. Chagua mwenyewe iondoke wapi. Programu hukata juu na chini kwa usawa, na ndiyo maana vilemba na mataji hukosa ncha. Mara nyingi ni afadhali kukata zaidi chini, kwenye zulia na viatu.

Ila ukipiga mahesabu hayo, kumbuka pia kwamba TV yenyewe inakata. TV za chogo, na za flati nyingi zikiachwa zilivyotoka kiwandani, huficha ukingo wa picha. Hesabu asilimia 5 kila upande kuwa zinaweza kupotea, na maandishi yaweke ndani zaidi, asilimia 10 kutoka kila ukingo. Kwenye 1920 kwa 1080 hiyo ni pikseli 192 kushoto na kulia, 108 juu na chini. Chukua picha ya akina mama waliovaa kanga za sare. Jina la kanga liko chini ya vazi, na wenyewe walilichagua kwa makusudi ili lisomwe. Ukiikata picha mpaka maandishi yakae ukingoni, TV italimeza jina lote. Iache picha nzima, ipunguze kidogo ndani ya fremu, jina lipate kuonekana. Na kama herufi zake ni ndogo kiasi cha kutofika mistari 20 hivi kati ya 576 ya TV, weka picha ya pili inayosogea karibu na kanga yenyewe.

Picha ya wima usiivute ijae kioo. Mtu ananenepa, na hakuna atakayekusamehe. Ikiwekwa kwa urefu wa 1080, picha ya kamera inabaki na upana wa 720. Pembeni jaza nakala ya picha hiyohiyo iliyokuzwa, ikatiwa ukungu mzito na kupunguzwa mwanga. Au weka picha mbili za wima pamoja, zinazotazamana.

Mwanga ndipo wengi wanapoharibu. Ukumbini usiku kuna gauni jeupe linalowaka na nyuso nyeusi zilizo mbali na taa. Kwenye kompyuta unaona vyote viwili. Kwenye TV, kwenye kipimo cha 0 hadi 255, video huhesabu nyeusi kuanzia 16 na nyeupe kuishia 235, na TV ikiwa kwenye rangi kali za dukani, vivuli vinazama na gauni linageuka doa jeupe. Ukiongeza mwanga wa picha nzima ili kuokoa nyuso, nakshi za gauni zinakufa. Gusa mwanga wa kati peke yake: gama ya 1.1 hadi 1.2 inatosha kuinua uso mweusi bila kuligusa gauni, kisha shusha kidogo sehemu zinazowaka mpaka mishono ya gauni ionekane. Rangi nyekundu nayo ipunguze ukali kwa asilimia 10 hivi. DVD huhifadhi rangi kwa 360 kwa 288 tu, robo ya nukta za mwanga, na nyekundu kali humwagikia nje ya mipaka yake.

Kumetameta kuna sababu inayojulikana. TV ya chogo haichori mistari yote 576 kwa mkupuo. Huchora 288, kisha 288 iliyobaki katikati yake, mara 50 kwa sekunde. Mchirizi mwembamba wa mlalo wenye unene wa mstari mmoja unaangukia upande mmoja tu, kwa hiyo unawaka na kuzima mara 25 kwa sekunde. Bati la nyumba, vioo vya luva, kitenge cha mistari, lesi ya shela: hivyo ndivyo vinavyosumbua. Dawa yake ni kulainisha. Kwenye picha ya 1920 kwa 1080, weka ukungu wa nusu kipenyo cha pikseli 1 hadi 1.5 sehemu hiyo tu, ukiacha nyuso. Kwenye kompyuta utaona kama umeipunguzia picha ubora, lakini kwenye TV itatulia. Na usiongeze ukali wa picha hata kidogo kabla ya kuipeleka DVD. Kunoa picha ndiko kunakozalisha michirizi hiyo.

Mwendo ndani ya picha uwe wa taratibu: kutoka asilimia 100 hadi 108 au 110 kwa sekunde zote sita, kuelekea usoni. Si lazima kila picha iende. Kupishana kwa picha kuwe kwa kuyeyuka, basi. Mioyo inayopasuka, kurasa zinazofunuka na nyota zinazoruka hubadilisha nukta nyingi za kioo kwa ghafla, na hapo ndipo vijiboksi hutokea.

Vijiboksi vinatuleta kwenye kiwango cha data. Mradi uweke fremu 25 kwa sekunde tangu mwanzo. Programu nyingi za simu huanza na 30, na ukija kubadilisha mwishoni, mwendo unakwamakwama. Programu nyingi za DVD pia huja zikiwa zimepangwa kutosheleza saa mbili kwenye diski, yaani kama megabiti 5 kwa sekunde. Huna haja nayo. Dakika 12 kwa megabiti 7.5 ni megabaiti 675, pamoja na sauti hazifiki 700, wakati diski ina nafasi ya gigabaiti 4.7. Panda hadi 7.5 au 8. Kanuni ya DVD inaruhusu video hadi 9.8, lakini deki za zamani husuasua kusoma diski ya kuchoma iliyojazwa hadi kileleni, na picha huganda. Anayetumia ffmpeg, programu ya bure ya kubadilisha video kwa kuandika amri, anaweza kuandika hivi:

ffmpeg -i harusi.mp4 -target pal-dvd -aspect 16:9 -b:v 7500k -maxrate 8500k -b:a 224k harusi.mpg

Hapo -aspect 16:9 usiiache. Fremu ya 720 kwa 576 ni ileile kwa TV pana na ya mraba. Alama hiyo ndiyo inayomwambia deki aitandaze. Ikikosekana, watu wanatokea wembamba warefu. Kama alama ipo na bado ni wembamba, kosa liko kwenye deki: ingia kwenye mipangilio yake, sehemu ya TV Type, uchague 16:9. Kwa TV ya chogo chagua ile inayoacha mikanda myeusi juu na chini.

Sauti iwe ya 48 kHz. Nyimbo nyingi za MP3 ni 44.1, kwa hiyo zibadilishe kabla ya kuanza. Nyimbo tatu kutoka sehemu tatu hupishana kwa ukubwa wa sauti. Zisawazishe, acha nafasi ya desibeli 3 chini ya kilele cha sauti, na kila wimbo ufifie kwa sekunde 3 au 4 mwishoni badala ya kukatika ghafla.

Menyu isikuchukulie muda. DVDStyler, programu ya kutengeneza menyu na diski, ni ya bure na inatosha: picha moja, kitufe kimoja, na sura moja kwa kila wimbo ili mtu aruke kwa rimoti.

Kuchoma. Nunua DVD-R ya chapa inayoeleweka, kwa kuwa deki kongwe huzisoma vizuri kuliko DVD+R. Diski iliyoandikwa 16x ichome kwa 8x. Si lazima kushuka hadi 1x, maana diski za sasa hazikutengenezwa kwa mwendo huo na makosa huweza kuongezeka. Kwenye ImgBurn, programu ya kuchoma diski, weka tiki kwenye Verify ili ihakiki kilichoandikwa, na usubiri ikamilike. Chomea kwenye laptop yenye chaji au kompyuta yenye UPS, kwani umeme ukikatika katikati diski imekwenda. Usibandike stika ya karatasi: diski inapoteza mizani, na gundi ikipata joto la deki stika inajikunja na kuganda ndani. Tumia diski zenye uso wa kuchapwa kwa printa ya wino, au kalamu laini ya CD.

Ndugu wakiwa Oman, diski hiyohiyo ya PAL itawafaa. Wakiwa Marekani watengenezee ya NTSC, mfumo wa TV wa kule, 720 kwa 480, fremu 29.97, kwa -target ntsc-dvd, kwa sababu deki nyingi za kule hukataa PAL. Kwa wasio na deki, toa MP4 ya H.264 ya 1920 kwa 1080 kutoka mradi uleule, uiweke kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32, mfumo ambao karibu TV zote husoma. Usichukue faili la DVD ukalikuza. Kilichokwisha kupotea hakirudi.

Kabla ya kumkabidhi mteja, itazame diski yote kwenye deki na TV, si kwenye kompyuta, ukiwa umekaa mita mbili au tatu kutoka kwenye kioo. Ofisini iwepo TV moja ya chogo. Siku hizi hupatikana kwa bei ndogo. Shika karatasi, andika namba ya picha inayometa, uso usioonekana, jina lililokatika. Kwa kawaida orodha ya kwanza huwa na picha kumi au kumi na tano. Zirekebishe, choma tena, na ile ya kwanza ivunje isije ikachanganyika na ya mteja.